Kitanda Hakiumwi

Siku ya kwanza hatukushika kalamu. Tulikuja na madaftari mapya, wengine wameyavika majalada ya gazeti kama watoto wa darasa la kwanza, tukaketi kwenye viti vya plastiki tukingoja kuandika. Mkufunzi wetu akaingia, akatutazama, akasema, "Wekeni hayo chini. Nusu yenu mlale."

Tulidhani anatania. Nyuma ya darasa palikuwa na vitanda sita vya chuma vya kufanyia mazoezi. Nusu yetu tukapanda, tukavuliwa viatu, tukafunikwa shuka mpaka kifuani. Masharti yalikuwa machache: usinyanyuke mpaka adhuhuri, usitumie mikono, ukitaka kitu omba. Nusu ya pili wakapewa vikombe vya uji na vijiko, wakaambiwa watulishe.

Mimi nililishwa na Pili, binti wa Ikwiriri, ambaye baadaye akawa shoga yangu mkubwa. Siku hiyo alikuwa na haraka. Kijiko cha kwanza kiliniunguza ulimi, cha pili kikaja kabla sijameza cha kwanza, cha tatu kikamwagika shavuni kikaingia sikioni. Nilitaka kulia. Uji haukuniumiza sana, lakini ule unyonge wa kulala chali, mtu mzima mwenye mtoto, kitu kinanitiririka shingoni na siruhusiwi kujifuta, ulinishinda. Kwenye kitanda kilichofuata changu binti mwingine aliomba kwenda haja ndogo. Mkufunzi akamletea beseni pale pale alipolala, akamvutia pazia. Tulimsikia anajaribu. Hakuweza.

Adhuhuri ilipofika akatunyanyua. "Mmeonaje?"

Tukainama kutafuta viatu vyetu.

"Basi hilo ndilo somo. Mengine yote nitakayowafundisha mwaka huu ni matawi yake."

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, siwezi kusema. Nimemjua miaka mingi na mambo hayo hayakuwahi kuingia katika mazungumzo yetu. Nilichojua ni kwamba alikuwa muuguzi wa wodini muda mrefu kabla ya kile chuo kidogo, nje kidogo ya mji wa Kibiti, kumchukua atufundishe sisi tuliosomea uhudumu wa afya: watu wa kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza, kuwapima joto na kumsaidia muuguzi kwa kila jambo ambalo mikono yake haifikii. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kumwita kwalo. Mkufunzi ni Mkufunzi.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwendo wake wa haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sare yake nyeupe ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Njiani alijitanda kanga kama mama yeyote wa Kibiti, lakini akifika getini anaivua, anaikunja mara nne, anaitia mkobani. Sikuwahi kumwona wodini na kanga, wala njiani bila kanga. Shingoni alining'iniza kamba yenye vitu viwili: kalamu na kikata kucha. Kalamu ilikuwa yake. Kikata kucha kilikuwa chetu. Kila asubuhi tulipanga mstari, mikono mbele, naye akipita anakata papo hapo bila kuuliza. Pili aliwahi kuja na kucha ndefu za rangi, siku mbili kabla ya harusi ya dada yake. Mkufunzi alizikata zote kumi, akazikusanya kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi.

"Kazivae harusini," alimwambia.

Kabla ya kuingia wodini, katika hospitali tuliyofanyia mazoezi, alisimama kwanza mlangoni akanusa. Si kwa kujionyesha; alikunja pua kidogo tu, kama mpishi aliyefunua mfuniko. Kisha anasema, "Kuna mtu upande wa dirishani hajageuzwa tangu asubuhi," au, "Nani kamwaga maziwa akafuta juu juu?" Tulikuwa tunakimbia kuangalia, na karibu kila mara alikuwa amepatia. Ilituchukua muda kuelewa kwamba hatufanyii uganga. Kidonda kinachoanza kina harufu yake, na mtu aliyekata tamaa ya kuoga ana harufu yake. Alitaka nasi tuzijue.

Jambo lililomkera kuliko yote lilikuwa kumtaja mgonjwa kwa namba. Nilifanya kosa hilo wiki ya kwanza ya mafunzo ya vitendo. Nilimwendea nikasema, "Mkufunzi, kitanda cha nne anaumwa tumbo."

Akaenda mpaka kitanda cha nne. Akainama, akagonga chuma kwa kidole, akatega sikio. Wodi nzima inamtazama, na bibi aliyelala pale anamtazama kuliko wote. Akarudi kwangu.

"Nimekisikiliza. Kitanda hakiumwi. Aliye juu yake anaitwa nani?"

Sikujua.

"Nenda kamuulize. Na umwombe radhi kwa kuchelewa."

Niliporudi na jina, Bi Tatu, nilirudi pia na habari kwamba hajapata choo siku ya tano sasa, na kwamba alikuwa anaona haya kusema kwa sababu wauguzi wote walioonekana walikuwa vijana. Namba isingeniambia hayo. Tangu siku hiyo sijamtaja mtu kwa kitanda chake, na anayemtaja mbele yangu namuuliza kama nilivyoulizwa, ingawa mimi chuma sikigongi. Sina ujasiri huo.

Kwa wagonjwa sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, ya "pole mama yangu, geuka kidogo, hewaa, hivyo hivyo." Kwetu sisi alikuwa pilipili. Ukimgeuza mtu kwa pupa anakuuliza, "Huyo ni binadamu au gunia la mpunga?" Ukisafisha sakafu ovyo: "Umepiga deki au umemwaga maji?" Ukiwa na mawazo yako ya nyumbani, anakushika kiganja na kusema, "Mikono imefika. Wewe mwenyewe umebaki wapi?" Sifa hakutoa. Ukifanya vizuri sana alisema, "Haya." Tulihesabu hizo "haya" zetu kama watoto wanaohesabu korosho. Pili alimaliza mwaka na tatu. Mimi nilikuwa na mbili.

Lakini mtu wa nje akitugusa, aligeuka kuwa mama simba. Siku moja alikuja mgeni mmoja wa ofisini kutusalimu darasani. Katika kutupa moyo akasema kwamba hata sisi tusiojaaliwa kuwa wauguzi tuna nafasi yetu. Mkufunzi alimsubiri amalize.

"Bwana," akasema kwa adabu kabisa, "siku ukilazwa, Mungu apishe mbali, daktari utamwona asubuhi kidogo, na muuguzi atakapokuja na dawa. Saa zote zilizobaki utakuwa na hawa. Nakushauri ukae nao vizuri."

Mgeni akacheka, sisi tukainamisha vichwa kuficha furaha. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu anajivunia kazi yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaanza.

Ajabu yake kubwa ilikuwa maji. Mwanamke ambaye hakuogopa kidonda, wala ugonjwa wa kuambukiza, wala mgonjwa mwenye fujo, aliogopa boti kama mtoto mdogo. Na mafunzo yetu yalikuwa na safari za huduma ya mkoba, kupeleka chanjo na tiba vijiji vya deltani, kule mto unapogawanyika kuingia baharini. Mara ya kwanza nilipokwenda naye Maparoni, tulipanda boti ya injini pale Nyamisati. Wenzake wote walikaa kwenye mbao. Yeye alikaa chini kabisa, katikati ya makasha ya chanjo, akafumba macho, akanishika goti kwa mkono mmoja na kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kunong'ona, akimaliza anaanza upya. Mikoko inapita kushoto na kulia, ndege weupe wamejaa juu yake, yeye haoni kitu.

Nahodha akamtania. "Bi mkubwa, tumefika, fumbua macho."

"Fika kwanza, ndipo useme."

Boti ilipogusa tope alikuwa wa kwanza kuruka. Tope likamfika magotini, sare ameikunja kiunoni juu ya suruali, viatu mkononi, na kabla hajanawa miguu alikuwa ameshaanza kuuliza. Yule mama wa kifua anaendeleaje? Mtoto aliyeungua na maji ya moto, ngozi imeshika? Mzee wa kiunoni ameacha kulala sakafuni? Aliongea nao Kindengereko, na wazee wakacheka naye kama ndugu aliyekuwa safarini. Nilikuwa nimebeba makasha nyuma yake nikijiuliza amewezaje kukumbuka watu wote hao.

Wakati wa kurudi, tukingoja maji yajae ili boti ipite, nilimuuliza kwa nini hawaombi wakubwa wampangie safari za barabarani, Bungu au Mwambao, awaachie wengine huku.

"Hawa wanavuka maji haya wakiwa wagonjwa," akasema. "Mwingine anavuka na uchungu wa kuzaa. Mimi nikishindwa kuvuka mzima, nitakuja kuwaambia nini?"

Kisha akaingia botini, akakaa chini, akafumba macho.

Yupo pia mzee mmoja wa deltani aliyekataa kula. Alilazwa wodi ya wanaume wakati wa vitendo vyetu, mguu umevimba, na kila kijiko tulichomletea alikigeuzia uso. Anamtaka mwanawe. Mwanawe yuko mashamba ya mpunga, simu haipatikani. Siku ya pili Mkufunzi akaketi kitandani kwake, akamwambia, "Mzee, mwanao yuko njiani. Ameshapanda boti. Utataka akukute umedhoofika hivi?" Mzee akanyanyua macho. Akala. Akamaliza bakuli.

Nilimfuata Mkufunzi nje, nimefurahi. "Kumbe mwanawe amepatikana?"

"Hajapatikana," akajibu, ameshatoa simu. "Nimesema uongo. Sasa nina kazi ya kuufanya uwe kweli."

Alipiga simu mapumziko yake yote ya mchana. Alimpigia nahodha, nahodha akamtaja mwenye duka, mwenye duka akamtaja mtu mwenye trekta. Kesho yake, alasiri, kijana mwenye matope hadi kwenye kope aliingia wodini akiuliza, "Baba yuko wapi?" Mkufunzi alimwonyesha kwa kidevu, akaendelea kukunja shuka.

Nimelitaja hilo makusudi, kwa sababu uongo wangu mimi haukuisha hivyo.

Nilikuwa nimefika chuoni kwa mlango wa mwisho. Kidato cha nne sikufaulu. Ndoa yangu ilidumu mwaka na nusu, nikarudi kwa wazazi wangu Nyamwage na mtoto wa kunyonya. Baba yangu ni mkulima, watu wetu waliteremka kutoka vilima vya Umatumbi, na hajui kazi nyingine yenye heshima zaidi ya jembe. Aliposikia nasomea uhudumu alishinda shambani siku mbili. Ya tatu akasema, "Nilikupeleka shule ukaoshe mavi ya watu?" Mama ndiye aliyemchukua mtoto, akanifungia nguo zangu, akanipeleka kituoni. Kwa hiyo nilikuwa nasoma huku nimemgeuzia baba mgongo, na nilijua nikianguka hapo, hakuna pengine.

Alasiri moja ya joto nilikuwa napima joto la wagonjwa kumi na wawili. Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka. Wa mwisho alikuwa msichana aliyejikata mguu kwa panga shambani. Amelala usingizi mzuri. Asubuhi joto lake lilikuwa la kawaida. Nikatazama chati, nikatazama kipimajoto mkononi, nikaandika kipimo kile kile cha asubuhi, nikaongeza nukta moja ili kifanane na kweli. Ile nukta moja hainiachi hadi leo.

Mkufunzi akapita nyuma yangu kama alivyopita kila siku. Akasoma chati. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la msichana. Akachukua kipimajoto, akapima mwenyewe, akangoja. Msichana alikuwa anaungua.

"Somoe," akaniita. "Joto hili ulilipima saa ngapi?"

Maneno yalikuja mengi mdomoni. Nikayameza. "Sikupima, Mkufunzi. Nimeandika tu."

Akamwita muuguzi wa zamu, muuguzi akamwita daktari, kidonda kikafunguliwa, kukakutwa usaha chini yake. Alitibiwa, akapona, akaondoka kwa miguu yake miwili. Lakini hayo yalijulikana baadaye. Siku ile Mkufunzi alinipeleka nje, akaniambia kwa sauti ile ya chini anayowasemeshea wagonjwa, na hiyo ndiyo iliyonivunja:

"Vua sare. Nenda kwenu."

Nyumbani nilisema tumepewa likizo. Mama alinitazama mara mbili, akaacha. Baba akafurahi kupata mikono ya kuvuna ufuta. Nilivuna, nikakung'uta, nikapepeta, na kila gari lililosimama barabarani lilinishtua, kama vile mtu angeshuka na kutangaza aibu yangu. Siku ya kumi gari likasimama, na mtu akashuka kweli. Alikuwa amejitanda kanga.

"Hodi wenyewe. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, karibu," akasema baba, akamtolea mkeka.

Aliketi, akaulizia mvua, akaulizia ufuta, akamchukua mwanangu akampakata na kumtazama masikio na kope kama anakagua wodi. Mimi nilibaki na ungo wangu mkononi. Kisha akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyemrudisha binti yako. Aliandika kipimo ambacho hakukipima. Msichana wa watu angepoteza mguu."

Baba akanigeukia. "Ndiyo likizo hiyo?"

Nikatazama ufuta.

"Sasa umekuja kutuambia nini?" baba akamuuliza.

"Nimekuja kumchukua."

"Mtu aliyekuharibia kazi?"

"Nimewakamata wengi katika kazi hii, mzee. Mmoja husema kipimo kibovu. Mwingine husema mgonjwa alikunywa chai ya moto. Huyu nilimuuliza mara moja, akasema sikupima. Wa namna hiyo anafundishika. Wale wengine siwawezi."

Hapo likamtoka baba lile lililomkaa moyoni tangu nilipoondoka. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini kazi yenyewe gani? Kuosha watu wazima. Watu hapa wananicheka."

"Mzee wangu," Mkufunzi akasema, "siku uliyozaliwa ulijiosha mwenyewe?"

Baba akajikuna kidevu.

"Na siku utakayoondoka, utajiosha?"

"Astaghfirullah."

"Basi kuoshwa mara mbili umeshakubali. Huyu anawaosha wale waliokwama katikati."

Jikoni mama aliangua kicheko, akakizuia kwa kanga, kikamshinda. Baba alijaribu kununa. Alinuna kama mtu anayezuia chafya, mwishowe akacheka mpaka akajipangusa macho. "Mleteeni mgeni maji anawe," akasema. "Huyu mama hawezekani."

Tulikula wali na kisamvu. Alasiri tukapanda gari pamoja hadi Kibiti. Tuliposhuka akaniambia, "Kesho saa moja. Na hizo kucha zina ufuta."

Miezi ilipita kabla sijathubutu kumuuliza lililokuwa likinisumbua. Tulikuwa tunatandika kitanda, yeye upande ule, mimi huku. "Mkufunzi, yule mzee ulimwambia mwanawe amepanda boti. Mimi ulinifukuza kwa nukta moja."

Nilidhani atawaka. Alinyoosha kona ya shuka, akafikiri kweli.

"Uongo wangu uliniongezea kazi," akasema. "Wako ulikupunguzia. Ukitaka kujua uongo wa namna gani umeusema, tazama baadaye nani anatoka jasho." Akachomeka kona chini ya godoro. "Na wangu pia haukuwa mzuri. Mwana asingepatikana, ningemwangaliaje yule mzee?"

Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo ya mwisho kuliko kwa yale ya kwanza.

Nilimaliza, nikapata cheti, nikapangiwa zahanati moja huko visiwani deltani. Siku ya kuaga alitupa kila mmoja usia wake. Wangu ulikuwa mfupi: "Wewe hutatibu. Wewe utaona. Ukiona, usimpelekee mkubwa wako maneno, mpelekee ulichokiona."

Sikuelewa tofauti yake mpaka mwezi wa tatu wa kazi. Alijifungua mama mmoja asubuhi, mtoto wake wa nne, salama salimini. Muuguzi wetu, ambaye alikuwa mtu mwema na siku hiyo alikuwa peke yake na foleni ya watoto wa kliniki, aliniachia nimwoshe, nimbadilishe vitambaa, nimpe uji. Nikambadilisha. Baada ya muda mfupi nikambadilisha tena. Mara ya tatu nikaona anapiga miayo, mikono yake ya baridi, anaomba maji.

Nikaenda kwa muuguzi. "Sista, yule mama anatoka damu sana."

"Ndiyo uzazi, Somoe. Ni wa nne huyo. Mpe uji."

Nikarudi. Nikambadilisha tena. Nikatoka uani, penye mtandao, nikampigia Mkufunzi. Alipokea, akanisikiliza nusu, akanikatiza.

"Kwa nini unanieleza mimi? Mimi naweza kumgusa huyo mama kutoka huku?"

"Nimeshamwambia sista, Mkufunzi. Ananiona mimi mhudumu tu."

"Umempelekea nini?"

"Nimemwambia..."

"Nakuuliza umempelekea nini?"

Nikakata simu. Nikaingia ndani, nikakusanya vitambaa vyote nilivyomtoa, nikavipanga kwenye beseni, nikalibeba mbele ya foleni nzima, nikaliweka juu ya meza ya muuguzi, juu kabisa ya daftari lake. Kina mama wakavuta watoto wao.

"Sista, hivi ni tangu uliponiachia."

Alitazama mara moja. Alinyanyuka kwa kasi mpaka kiti kikaanguka. Alimkanda tumbo, akamchoma sindano, akamwekea dripu, mimi nashika chupa, namwita mama yule kwa jina lake asilale. Tukamtafuta nahodha atuvushe kwenda hospitali. Maji yalikuwa yameanza kupwa, akasema tukichelewa kidogo tu tutakwama kwenye tope hadi jioni. Tulimbeba kwa machela tukikimbia. Mkondo ulikuwa umebaki mwembamba, boti ikakwaruza chini mara mbili, nikasikia nahodha anamtaja Mungu. Ikapita.

Alipona. Wiki mbili baadaye alirudi na mtoto mgongoni, akanitafuta mimi. Muuguzi wangu, siku iliyofuata safari ile, alinipa daftari la wodi akasema, "Chochote utakachoona, andika hapa, na mimi nitasoma mbele yako." Tukawa hivyo mpaka alipohamishwa. Nilipompigia Mkufunzi kumweleza kwamba mama amepona, safari hii alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya," akasema.

Ya tatu. Nilikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa nikacheka peke yangu. Baba yangu naye, nilipokwenda likizo, alinikalisha mbele ya jirani zake niwasimulie habari ya beseni tangu mwanzo, na nilipofupisha alinikatiza: "Hapana, hukusema kiti kilivyoanguka."

Mara ya mwisho kumwona ni mwaka huu. Alikuwa amestaafu na kuhamia Bungu kumlea dada yake mkubwa, aliyepigwa kiharusi upande wa kulia. Nilikuwa natoka semina Dar es Salaam, nikashuka Bungu na mfuko wa machungwa, nikauliza nyumba, nikaonyeshwa. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

"Ingia, nna mikono miwili tu hapa!"

Nilimkuta ameinama juu ya kitanda, ameshika mwili mkubwa wa dada yake nusu umegeuka, hawezi kuendelea wala kurudi. Amepungua sana. Mgongo umemkunja, na jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Hakunisalimu. Alisema, "Pita upande ule," nikatua mfuko, nikanawa, nikapita.

Nikashika bega, yeye kiuno. "Mkufunzi, ngoja," nikasema. "Goti lake limebaki chini."

Akasimama. Akatazama goti. Akangoja mimi nilitoe, nililaze vizuri juu ya jingine, nimwombe dada yake radhi. "Sasa," nikasema, na tukamgeuza kwa pamoja, polepole, akaja kama mlango mzuri unavyofunguka. Tulimwosha mgongo, tukamkausha, tukampaka mafuta, tukambadilisha shuka akiwa juu yake bila kumnyanyua. Mkono wake ulipokwenda, wangu ulikuwa umeshajua.

Tulipomaliza dada yake alinitazama kwa lile jicho lake zima. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

"Huyu... nesi?"

"Siyo," Mkufunzi akasema. Alikuwa anafunga kifuniko cha mafuta, na sauti ilikuwa ile ile ya darasani. "Mhudumu wa afya. Nimemfundisha mimi."

Kazi yangu nimeisikia ikitajwa na watu wengi. Wengine huimeza haraka, wengine huipachika "tu" mwishoni. Yeye aliitaja taratibu, akaiacha ikae pale chumbani, kama mtu anayesema mwanangu ni kadhi.

Dada yake akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akanipa mkono. Ulikuwa wa kushoto, ndio pekee uliobaki na nguvu, na macho yake yakaomba radhi kwa hilo. Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili.